Kompyuta kuukuu ina kazi bado, ila si kwa Windows 11

TANGU kampuni ya Microsoft ya Marekani ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, swali lililokuwa la wakubwa wa maofisini limefika hadi kwenye steshenari na ofisi za vyama vya ushirika vijijini. Kompyuta ya zamani iingizwe Windows mpya, iachwe kama ilivyo, au iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu?

Kwa mahali kama Mvumi, kilometa zipatazo 40 kutoka Dodoma mjini, swali hilo si la anasa. Kompyuta zinazofanya kazi vijijini aghalabu ni za mtumba. Zimetumika miaka kadhaa katika ofisi za nchi nyingine, zikauzwa Dar es Salaam, kisha zikapandishwa basi pamoja na mwenyewe. Anayeinunua huhesabu bei yake kwa magunia ya alizeti au karanga, si kwa shilingi peke yake.

Ndiyo maana ushauri unaotolewa haraka haraka kwenye meza ya fundi, kwamba "tukupigie Windows 11 tu, itakubali", unastahili kupingwa. Inawezekana itakubali. Lakini kukubali siku ya kwanza ni jambo moja, na kuhimili msimu mzima wa kupima na kulipa alizeti ni jambo jingine kabisa.

Masharti ya Windows 11

Mfumo endeshi ndio programu kuu ya kompyuta. Ndio unaoiamsha mashine, unaogawa kazi kwa prosesa, unaoandika kwenye diski na kuongea na printa. Programu nyingine zote, ziwe za barua au za hesabu, zinakaa juu yake.

Windows 11 ilitoka Oktoba 5, 2021, na ilikuja na masharti ambayo Windows zilizotangulia hazikuwa nayo. Inataka RAM isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0. Kwa prosesa za Intel, orodha inayokubaliwa inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache, na kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, ambayo bado ni mashine imara kwa kazi za ofisi, haimo. Core 2 Duo ndiyo haifikiriwi kabisa.

Mafundi wanazo njia za kuyaruka masharti hayo, na wala si siri. Hata hivyo, Microsoft yenyewe imesema kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kuendelea kupata marekebisho ya usalama. Na hilo limekwisha kuonekana kwa vitendo. Toleo la mwaka 2024, lijulikanalo kama 24H2, linadai uwezo fulani ndani ya prosesa ambao Core 2 Duo haina, na kwenye mashine hizo haliwaki hata kwa ujanja. Aliyelipa kupigiwa toleo la kabla ya hapo amebaki amekwama katikati ya njia.

Hata pale inapowaka, kuna suala la uzito. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya zamani ya kuzunguka huweza kuwasha Windows 11, kisha mwenyewe akaenda kunywa chai na kurudi ikiwa bado inajikusanya. Wazee wa Mvumi hawahitaji kufundishwa maana ya mzigo kuzidi uwezo. Mwaka 1986 Serikali iliondoa mifugo katika tarafa hiyo kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu ardhi ilikuwa imekatika makorongo na haikuweza tena kuwabeba ng'ombe waliokuwepo. Baadaye waliofuga waliambiwa wafuge wachache, tena kwa kuwalisha bandani. Kompyuta yenye umri wa miaka 12 nayo inataka mfugo unaolingana na malisho yake.

Kuacha ilivyo nako kuna gharama

Wapo wanaosema kwamba basi heri Windows 7 ibaki, maana imezoeleka na haisumbui. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 14, 2020, na mapema mwaka 2023 Google nao wakaacha kutoa matoleo mapya ya Chrome kwa Windows 7 na 8. Kivinjari kisichosogea mbele huanza kukataliwa na tovuti moja baada ya nyingine.

Na siku hizi kazi ya ushirika na ya biashara ndogo imehamia huko kwenye tovuti. Ritani za kodi za TRA zinatumwa kwa mtandao. Usajili wa biashara BRELA uko kwenye mtandao. Zabuni za Serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo makao yake makuu yako Dodoma, ina mfumo wake wa MUVU kwa ajili ya taarifa na hesabu za vyama. Katibu wa chama cha msingi ambaye kompyuta yake haifungui kurasa hizo atapanda gari kwenda mjini kutafuta mahali pa kulipia, na nauli hiyo inatoka kwenye fedha za wanachama.

Halafu kuna hatari. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi duniani, zikiwamo za hospitali nyingi za umma nchini Uingereza, kikidai fedha ili kuyafungua. Kiliingia kupitia kasoro ambayo Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake miezi miwili kabla. Walioumia zaidi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimepata dawa hiyo, nyingi zikiwa za Windows 7. Kwa hospitali ya Uingereza, wataalamu waliitwa. Kwa daftari la malipo la chama cha wakulima, ambalo nakala yake ni moja tu na imo humo humo kwenye mashine, ataitwa nani?

Kwa wenye Windows 10, Microsoft ilitangaza muda wa nyongeza wa marekebisho ya usalama kwa watu binafsi, uliopangwa kufika Oktoba 13, 2026. Katika nchi nyingi nyongeza hiyo ni dola 30 za Marekani, au bila malipo kwa anayekubali kuunganisha mashine na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko. Ni nafasi ya kupumua tu. Haikuwahi kuwa makazi ya kudumu.

Vumbi, betri na diski

Kabla ya kubishania mfumo gani uingizwe, kuna kazi ya bisibisi ambayo mafundi wengi huiruka kwa sababu haionekani kuwa ya kitaalamu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni vumbi na upepo. Feni ya kompyuta hulivuta vumbi hilo na kulishindilia kwenye mapezi ya kupooza prosesa. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mwenye mashine hudhani kwamba Windows imechoka. Kufungua, kupuliza na kubadilisha ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa kunarudisha uhai ambao mfumo mpya hauwezi kuurudisha.

La pili ni betri ndogo mfano wa sarafu iliyoko kwenye bodi kuu, yenye namba CR2032. Ikiisha, saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma kila umeme unapokatika. Tovuti salama hukagua tarehe, hivyo kivinjari kitagoma kufungua ukurasa wa TRA au wa benki kikidai kwamba cheti cha tovuti si halali. Watu wamelipia kupigiwa Windows upya kwa ugonjwa ambao tiba yake ni betri ya duka la saa.

La tatu, na hapa ndipo fedha inapostahili kwenda, ni diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayosoma, kama santuri. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Kwa kompyuta nyingi za kuanzia mwaka 2008 hivi, SSD ya inchi 2.5 inaingia pale pale ilipokuwa ya zamani, na tofauti ya kasi haihitaji kipimo. Mtu anaiona kwa macho. Ikiongezwa RAM kufika gigabaiti 8, mashine ya kizazi cha tatu au cha nne inatosha kwa kazi zote za ofisi ya kijiji. Anayenunua RAM aende na kipande cha zamani mkononi, maana DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani, na ya kompyuta ya mezani si ya laptopu.

Kuna faida nyingine ya kubadilisha diski ambayo haisemwi sana. Diski ya zamani hutoka ikiwa na mafaili yote kama yalivyokuwa. Ikivalishwa ganda la USB inakuwa akiba. Isiachwe kwa fundi. Ndani yake mna majina ya wakulima, namba zao za simu na za benki, na tangu Mei 1, 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikitumika. Chama kinachosahau diski kwenye meza ya fundi kimesahau siri za watu.

Mfumo usio na bei

Mashine ikishasafishwa na kuwekewa SSD, ndipo swali la mfumo linapofaa kuulizwa. Na jibu linalostahili kupewa nafasi ya kwanza Mvumi ni Linux.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, na hadi leo hutolewa bila malipo na kwa ruhusa ya kunakili na kugawa. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha aina yake iliyoitwa Ubuntu, jina ambalo Mswahili yeyote anaweza kulikisia kwamba linahusu utu. Kutoka humo zikazaliwa nyingine nyepesi zaidi, mathalani Lubuntu, na Linux Mint yenye sura ya Xfce. Linux Mint 22 iliyotoka Julai 2024 ina ahadi ya marekebisho ya usalama hadi mwaka 2029. Inawaka kwenye RAM ya gigabaiti 2, ingawa gigabaiti 4 ndiyo inayoshauriwa, na haiulizi habari za TPM.

Mtu aliyezoea Windows hatapotea njia. Pale chini kushoto kuna kitufe cha menyu, kuna Firefox kwa ajili ya tovuti, na kuna LibreOffice kwa barua na majedwali. Mfumo wa MUVU, ritani ya TRA na barua pepe ni kazi za kivinjari.

Jambo linalofaa zaidi kwa kijiji ni kwamba unaweza kuonja kabla ya kumeza. Linux huandikwa kwenye fleshi, kompyuta ikawashwa kutokea kwenye fleshi hiyo, na mwenyewe akaitumia bila kugusa kitu kwenye diski. Hapo atajua kama printa inachapa, kama sauti inatoka na kama intaneti inakamata. Asiporidhika anachomoa fleshi na kompyuta inarudi ilivyokuwa. Printa nyingi za HP na Epson hukubali bila matata. Baadhi ya zile ndogo za leza za Canon huhitaji programu ya ziada, na ni heri kulijua hilo kabla diski haijafutwa.

Faili lenyewe ni gigabaiti tatu hivi. Mtu mmoja akilipakua mara moja mjini, fleshi moja inahudumia Mvumi Misheni, Mvumi Makulu na vijiji vya jirani bila mtu yeyote kuvunja sheria. Linganisha na Windows ya kukreki. Ile programu ya kuivunja kufuli huagiza kwanza kizimwe kinga-virusi, na mwenye duka haoni ajabu! Anafungua mlango, anamfukuza mbwa, kisha anamkaribisha asiyemjua alale sebuleni.

Angalizo kwa wenye mashine za kale kabisa, zile za biti 32 tu. Mlango wao unafungwa. Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho katika ukoo wa Debian kuja na njia ya kusimikwa kwenye mashine hizo. Debian 13 ya Agosti 2025 imeziacha. Anayeuziwa leo kompyuta ya namna hiyo, hata kwa bei ya kuku wawili, anauziwa mzigo.

Steshenari si sawa na ushirika

Pamoja na hayo, itakuwa si haki kumwambia kila mtu ahamie Linux kesho asubuhi. Mwenye steshenari anaishi kwa mafaili ya watu wengine. Mwalimu anamletea mtihani ulioandikwa kwa Word, wenye majedwali na milinganyo ya hisabati. LibreOffice itaufungua, lakini mistari inaweza kuhama, na ukurasa mmoja ukawa mmoja na robo. Mwalimu hatasikiliza maelezo kuhusu aina ya fonti. Anayepiga picha za pasipoti kwa Photoshop hataipata kwenye Linux. Atapata GIMP, ambayo ni nzuri, lakini inahitaji kujifunza upya. Vivyo hivyo kwa anayetunza hesabu kwa QuickBooks ya kwenye mashine au kwa Tally, ambazo zimetengenezwa kwa Windows.

Kwa huyo, njia ya busara ni kugawa kazi. Mashine moja ibaki na Windows 10 kwa ajili ya Word, picha na printa, isiingie kwenye intaneti na isitumike kwa mambo ya benki. Ile kuukuu kuliko zote iwekewe Linux na iwe mlango wa kupokelea fleshi za wateja. Fleshi ndizo basi la virusi vijijini: ni zile zinazogeuza mafolda ya mteja kuwa njia za mkato, akaanza kulia kwamba tasnifu yake imepotea. Virusi hivyo vimeandikwa kwa Windows, na kwenye Linux vinalala tu kama mafaili mengine, vikaonekana na kufutwa. Faili safi la mteja ndilo linalohamishiwa kwenye mashine ya kuchapia.

Mashine ya risiti za EFD ni kifaa kinachojitegemea na haiguswi na mjadala huu. Na kuna wafanyabiashara, wenye genge au duka la pembejeo la mlango mmoja, ambao hawahitaji kompyuta kabisa. Simu na daftari vinawatosha, na kuwauzia kompyuta kuukuu yenye mfumo wowote ule ni kuwapotezea mtaji.

Jambo la umeme nalo lizingatiwe na wanaotumia sola. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo cha zamani cha mgongo mrefu hula wati 100 na zaidi. Laptopu ya umri ule ule hula sehemu ndogo ya hizo na betri yake, hata ikiwa imechoka, humpa mtu dakika za kuhifadhi kazi umeme ukikatika. Kati ya mbili kuukuu, ya kufufuliwa ni laptopu.

Nani atafundisha

Kikwazo kikubwa kilichobaki si cha mashine. Vijana wanaofunzwa kompyuta hufunzwa Windows na Word, hivyo fundi anayetoka huko anauza anachokijua. Na nchi hii ilikwisha kujaribu njia nyingine mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Msingi mzuri uliwekwa. Ni ajabu kwamba zaidi ya miaka 20 baadaye katibu wa chama cha wakulima bado anabanwa kati ya Windows asiyoweza kuilipia na Windows ya wizi.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina wanafunzi wa sayansi ya kompyuta mwendo wa saa chache tu kutoka Mvumi. Wiki mbili za likizo, fleshi kumi, bisibisi na kipuliza vumbi vingetosha kupitia ofisi za vyama vya msingi vya Chamwino moja baada ya nyingine. Tume ya Ushirika, ambayo inavidai vyama hivyo taarifa kwa mtandao, ndiyo ya kwanza kupaswa kuliomba jambo hilo.

Wakati hilo likisubiriwa, wenye mashine wachague majira. Kompyuta isifunguliwe wakati alizeti inapimwa, wala wakati wa mavuno ya zabibu, ambayo Dodoma huwa mara mbili kwa mwaka. Inafaa kazi hiyo ifanywe baada ya mavuno ya pili, mwezi Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijaanza na watu hawajaingia mashambani. Siku moja kabla, daftari la wanachama na la malipo linakiliwe kwenye fleshi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na nakala ya karatasi ichapwe, isainiwe na mwenyekiti na kufungiwa kabatini. Ndipo fundi aitwe.